Lugha Ndogo Ndani ya Mashine ya Mwenzao

Ukitaja Java, Python au JavaScript mbele ya mwandishi wa programu, hatakuuliza unazungumzia nini. Ukitaja Frege, Golo, Fantom, LFE au Nemerle, huenda akakuomba uyaandike majina hayo ayaone. Hata hivyo kila moja ya hizo ni lugha kamili, ina kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inayofanya kazi, na nyingi kati yake zilianzishwa na mtu mmoja au kikundi kidogo sana.

Kutengeneza lugha kuanzia sifuri ni kazi nzito mno. Unahitaji kompaila inayotoa amri za prosesa za Intel, na nyingine inayotoa amri za ARM. Unahitaji utaratibu wa kufagia kumbukumbu isiyotumika tena, utaratibu wa kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, maktaba za faili, mtandao, tarehe na usimbaji fiche, kisha vifaa vya kupima kasi na kusaka hitilafu. Watu wawili watatu hawaimalizi kazi hiyo hata wakijinyima usingizi. Wanachofanya ni kuandika sehemu ya juu tu, ile inayosoma msimbo, kuuelewa na kuutafsiri. Mzigo uliobaki wanaukabidhi kwa mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta, ambayo watu wengine walikwisha kuijenga kwa ajili ya lugha nyingine.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonishughulisha. Mashine pepe inayotumiwa na lugha nyingi huelezwa mara nyingi kana kwamba ni uwanja wa wazi, kila anayekuja anajichagulia kona yake. Lakini JVM ilijengwa kwa ajili ya Java na BEAM kwa ajili ya Erlang, na tabia za lugha hizo zimeingia hadi kwenye mifupa ya mashine. Ukitaka kuielewa lugha ndogo inayoishi humo, orodha ya sifa kwenye tovuti yake haitakufikisha mbali. Tafuta mahali inapogombana na mashine yake.

Hesabu ya zamani

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1958, kompyuta zikiwa bado zinajaza chumba kizima, wataalamu nchini Marekani walipendekeza lugha ya kati waliyoiita UNCOL. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukiwa na lugha 10 na aina 5 za kompyuta, unahitaji kompaila 50. Ukiweka lugha moja katikati, unahitaji vipande 15 tu, 10 vya kuingia na 5 vya kutoka. UNCOL haikuwahi kukamilika. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego kilionyesha kwamba inawezekana angalau kwa lugha moja: Pascal yao ilitafsiriwa kuwa msimbo wa mashine ya kubuni, na popote palipoandikwa programu ya kuisoma mashine hiyo, Pascal ilikwenda.

Mwaka 1995 Sun Microsystems ikaitangaza Java pamoja na mashine yake, JVM, ahadi ikiwa kwamba programu ikishatafsiriwa mara moja itakwenda kwenye kompyuta yoyote. Hakuna aliyeahidi kwamba lugha nyingine zitakaribishwa. Lakini muundo wa mafaili yanayolishwa mashine hiyo ulichapishwa wazi, kwa undani, na hilo likatosha. Ukijua kuyaandika mafaili hayo, mashine haikuulizi yametoka lugha gani.

Baiti nne

Hebu tulifungue faili moja tuone. Chukua methodi ndogo kabisa ya Java, ya aina ya `static`, inayopokea namba mbili nzima na kurudisha jumla yake. Kompaila inaigeuza kuwa hivi:

iload_0
iload_1
iadd
ireturn

Amri ya kwanza inachukua namba iliyo katika nafasi ya 0 na kuiweka juu ya rundo, yaani sehemu ya kumbukumbu ambako vitu hupangwa kimoja juu ya kingine. Ya pili inaweka juu yake ile ya nafasi ya 1. Ya tatu inaziondoa zote mbili na kuacha jumla. Ya nne inairudisha jumla hiyo kwa aliyeita. Kila amri inachukua baiti moja, kwa hiyo ndani ya faili kazi nzima, kwa namba za msingi wa 16, ni 1A 1B 60 AC. Hiyo ndiyo baitikodi. Na faili lenyewe huanza na baiti nne zinazosomeka CAFEBABE, mzaha wa wahandisi ambao umebaki hapo tangu miaka ya 1990 na hauwezi tena kuondolewa.

Sasa andika fanksheni hiyohiyo kwa Kotlin, mmoja wa wageni wa JVM, nje ya klasi yoyote. Utapata baiti nne zilezile. Ukiiandika kwa Scala ndani ya `object`, zinabadilika kidogo: 1B 1C 60 AC. Scala inaihesabu methodi hiyo kuwa mali ya kitu, hivyo nafasi ya 0 imeshikwa na kitu chenyewe, na namba zako zimesogea hatua moja. Ukiiandika kwa Clojure bila kutaja aina, hakuna `iadd` kabisa. Clojure haijui kama utaleta namba nzima, sehemu, au namba kubwa isiyoingia katika biti 64, kwa hiyo inatoa amri ya kuita methodi ya Java iitwayo `clojure.lang.Numbers.add`, na hiyo ndiyo inayopeleleza umeleta nini kabla ya kujumlisha.

Kwa mfano huo mmoja unaona karibu kila kitu. Lugha inayofanana na Java inapita bila kulipa chochote. Lugha inayotofautiana nayo kidogo inalipa kidogo. Lugha yenye mtazamo wake kuhusu namba inabeba maktaba yake mgongoni na kuipitia kila inapojumlisha.

Juu ya hapo kuna kasi. Tangu mwaka 1999 Sun ilikuwa na injini iitwayo HotSpot, inayoangalia programu ikiwa inakwenda, inahesabu methodi zinazoitwa mara nyingi, na kuzigeuza hizo kuwa amri halisi za prosesa. Inafanya kazi kwenye baitikodi, si kwenye msimbo ulioandikwa na binadamu, kwa hiyo lugha ya jana na Java yenyewe zinapata huduma moja. Lakini kwa miaka mingi injini hiyo ilinolewa kwa baitikodi ya namna inayotolewa na kompaila ya Java. Kompaila yako ikitoa maumbo ambayo Java haitoi, usishangae yakienda taratibu bila sababu inayoonekana. Na kuna mipaka ambayo mtu wa Java hukutana nayo kwa nadra sana: methodi moja haiwezi kuzidi baiti 65,535. Binadamu haandiki methodi ndefu hivyo. Kompaila inayogeuza faili zima la lugha nyingine kuwa methodi moja inaweza kuifikia mchana kweupe.

Kujiita bila kurudi

Ugomvi wa kwanza, na ninaoupenda kuliko yote, unahusu fanksheni inayojiita yenyewe.

Katika lugha za ukoo wa Lisp na Haskell, kurudia kazi mara nyingi hakufanywi kwa `for` au `while`. Fanksheni inafanya hatua moja, kisha kama jambo la mwisho inajiita na thamani mpya. Kwa kuwa hakuna lililobaki kufanywa baada ya wito huo, hakuna haja ya kukumbuka ilikotoka. Kompaila inaweza kuitupa fremu ya zamani, yaani kumbukumbu iliyowekwa kwa ajili ya wito uliopita, na kuruka mwanzo. Katika Scheme, mmoja wa ukoo wa Lisp, hili ni sharti la lugha: fanksheni ijiite mara milioni 10, kumbukumbu isiongezeke.

JVM haina amri ya kufanya hivyo. Kila wito unaongeza fremu kwenye rundo la uzi unaoendesha kazi, na baada ya wito elfu kadhaa, au makumi ya maelfu, mashine inakata tamaa na kukurushia StackOverflowError. Sababu mojawapo ya kihistoria ni usalama: Java ya mwanzo ilikuwa ikikagua rundo ili kujua nani kamwita nani kabla ya kuruhusu jambo la hatari kama kufungua faili. Ukitupa fremu, umetupa ushahidi.

Basi kila mgeni amejitafutia njia. Kotlin inakupa neno `tailrec`, na kompaila inageuza fanksheni hiyo kuwa kitanzi cha kawaida. Scala inafanya hivyo kimyakimya fanksheni inapojiita yenyewe, na ukiongeza alama ya `@tailrec` inakukatalia pale isipowezekana. Lakini fanksheni mbili zinazoitana kwa zamu, A ikimwita B na B ikimwita A, hazisaidiki kwa njia hizo. Kawa, ambayo ni Scheme iliyoanzishwa na Per Bothner mwaka 1996 na kwa hiyo ni miongoni mwa wageni wa mwanzo kabisa, ina namna mbili za kutafsiri: moja inatimiza sharti la Scheme kikamilifu kwa kupitia mzunguko wa ziada, na nyingine ina kasi zaidi lakini inaliacha sharti hilo. Kwa njia, Kawa haijulikani kwa jina ila imefika mbali. Ndiyo iliyo chini ya MIT App Inventor, kile chombo cha kutengeneza programu za simu kwa kupanga vipande vya rangi. Wanafunzi wengi duniani wametengeneza programu za Scheme bila kujua.

Clojure ilichagua njia ambayo naiona ya uungwana kuliko zote. Rich Hickey, aliyeitoa lugha hiyo mwaka 2007, hakujaribu kuificha kasoro. Ukitaka kurudi mwanzo bila kuongeza fremu unaandika `recur`, na kompaila inakukatalia ukiiweka mahali ambapo si pa mwisho. Anayesoma msimbo wako anajua hapa pana kitanzi, na pale pana wito wa kweli unaokula rundo. Mgeni amekubali masharti ya nyumba, na ameyabandika mlangoni ili yasimshangaze mtu.

Aina zinazofutwa

Ugomvi wa pili umeamua hatima ya lugha nzima.

Java 5 ilipokuja mwaka 2004 ilileta aina zenye vigezo, ile `List<String>` ya kusema orodha hii ni ya maneno tu. Kazi hiyo ilitokana na lugha ndogo mbili za miaka ya 1990, Pizza na GJ, ambazo Martin Odersky na Philip Wadler walishiriki kuziunda. Ili mafaili ya zamani yasivunjike, mashine haikuguswa. Kompaila inahakikisha aina zako ni sawa, kisha inazifuta. Ndani ya baitikodi `List<String>` na `List<Integer>` zote ni `List`. Programu ikishaanza kwenda, orodha yenyewe haijui ni ya nini.

Mwaka 2011 zilitangazwa lugha mbili zilizotaka kuwa Java bora zaidi. Red Hat, kupitia Gavin King, walikuja na Ceylon. JetBrains walikuja na Kotlin. Zilifanana kwa mengi. Zote mbili zililichukia tatizo la `null`, yaani thamani isiyokuwepo, na zote ziliandika `String?` kumaanisha neno linaloweza kukosekana. Katika Ceylon huo ulikuwa ufupisho tu wa `String|Null`, yaani muungano wa aina mbili, wazo safi ambalo lugha nyingine zimekuja kulithamini baadaye. Ceylon ilikataa pia kufutwa kwa aina. Kwa kuwa mashine haizikumbuki, kompaila ya Ceylon ilipachika kigezo cha ziada cha siri katika kila klasi na methodi yenye aina za vigezo, kikibeba maelezo ya aina hizo. Programu ikiwa inakwenda, unaweza kuiuliza orodha ni ya nini na ikakujibu.

Ni kazi nzuri ya kihandisi, nami sina la kuibeza. Lakini fikiria msimbo wa Java unaotaka kuiita klasi hiyo. Sasa nao lazima ulete maelezo ambayo katika Java hayapo. Kila mpaka kati ya Ceylon na maktaba za Java ukawa na forodha yake. Kotlin ilikubali kufutwa, ikaruhusu aina kubaki katika hali moja tu, fanksheni ambazo msimbo wake hunakiliwa moja kwa moja pale zinapoitwa, na nguvu zilizobaki ikazielekeza kwenye kuchanganya Kotlin na Java ndani ya mradi mmoja bila mtu kuhisi mshono. Ceylon ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2013, mwaka 2017 ikahamishiwa Eclipse Foundation, kisha ikanyamaza. Mwaka huohuo wa 2017 Google ilitangaza kuiunga mkono Kotlin kwenye Android. Bila shaka kulikuwa na sababu za fedha na vifaa pia, JetBrains ikiwa ndiyo inayotengeneza kihariri ambacho waandishi wengi wa Java wanakitumia. Ila tofauti ya kuheshimu mashine au kuipinga ilionekana tangu siku za mwanzo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watu wa .NET, jukwaa la Microsoft, hawaupendi. Microsoft walifanya kinyume cha Java: mashine yao inazijua aina zenye vigezo tangu mwaka 2005, kwa kazi ya Don Syme na Andrew Kennedy. Kwa C# na F# ni neema. Lakini mashine inapojua aina, inazijua kwa namna yake, na lugha yenye mfumo tofauti wa aina inabanwa. Scala iliwahi kuwa na toleo la .NET, nalo liliachwa. Mashine inayosahau aina ina ukarimu fulani, kwa kuwa haina maoni kuhusu jambo isilolijua.

Siku ya tatu

Lugha zisizotaja aina kabisa zilikuwa na shida kubwa zaidi. Jim Hugunin aliileta Python kwenye JVM mwaka 1997 kwa kazi iliyokuja kuitwa Jython. Ilikwenda, na hata ilikuwa na faida ambayo Python ya kawaida haikuwa nayo, kuendesha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja kweli bila kufuli moja kubwa la kuzizuia. Lakini maktaba za Python zilizoandikwa kwa C hazikuingia, na hizo ndizo wanasayansi walizozihitaji. Jython imebaki kwenye Python 2.7.

Baadaye Hugunin huyohuyo akaitazama mashine ya .NET. Nia yake, kama alivyosimulia mwenyewe, ilikuwa kuandika makala fupi ya kueleza kwa nini mashine ya Microsoft haifai kwa lugha za namna ya Python. Akajaribu, akakuta inafaa kuliko alivyotarajia, na badala ya makala akatoa IronPython.

Tatizo lenyewe linaeleweka ukirudi kwenye baitikodi. JVM ya mwanzo ilikuwa na amri nne za kuita methodi, na zote zilitaka kujua mapema klasi gani, methodi gani, na vigezo vya aina gani. Ruby inapoandika `x.jina`, hakuna linalojulikana kati ya hayo. Kompaila ya JRuby, yaani Ruby ya JVM, ililazimika kuzunguka: tafuta kwenye jedwali, hifadhi jibu, hakikisha halijapitwa na wakati, kisha ita. HotSpot ikiutazama mzunguko huo haioni wito. Inaona kichaka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa JVM walilishika jembe na kulima shamba la mwenye nyumba. Mwaka 2011 Java 7 ilitoka ikiwa na amri mpya, `invokedynamic`, amri ya kwanza kuongezwa tangu mashine izaliwe. Inafanya hivi: mara ya kwanza mashine inapoifikia, inamuuliza mwandishi wa lugha, kupitia methodi aliyoiandika mwenyewe, "Hapa unataka kuita nini?" Anajibu kwa kutoa kishikio cha methodi, na mashine inakifunga palepale. Kuanzia hapo ni wito wa kawaida ambao HotSpot inaweza kuuyeyusha ndani ya msimbo unaouzunguka. Hali ikibadilika, mwandishi anakifungua na kufunga kingine.

Kinachofurahisha ni kwamba kompaila ya Java 7 yenyewe haikuitumia amri hiyo. Ilikuwa ya wageni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, Java 8 ilileta lambda, yaani fanksheni zisizo na jina, na njia iliyoonekana nzuri ya kuzitafsiri ikawa hiyohiyo `invokedynamic`. Java 9 ikaitumia kuunganisha maneno kwa alama ya kujumlisha. Leo mwandishi wa Java anayeunganisha jina la mtu na salamu katika mstari mmoja anatumia kitu kilichodaiwa na watu wa Ruby na Python.

Hapa ndipo Golo inapopata maana. Ilizaliwa katika chuo cha INSA cha Lyon, Ufaransa, katika kundi la Julien Ponge, ili kujibu swali moja: ukiunda lugha ambayo tangu mwanzo kila wito wake ni `invokedynamic`, inakuwaje? Jibu lilikuwa kompaila ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma yote. Haikuwa na haja ya kuteka soko. Wanaoipima lugha ya namna hiyo kwa idadi ya watumiaji wanaipima kwa kipimo ambacho hakikuwa chake. Gosu nayo watu wachache nje ya programu za bima za kampuni ya Guidewire wameisikia, na Fantom ya ndugu Brian na Andy Frank inaishi hasa katika mifumo inayokusanya takwimu za majengo makubwa. Zote mbili zinafanya kazi kila siku.

Mashine isiyo na haraka

Tuhamie BEAM, kwa sababu huko mambo yanageuka chini juu.

Erlang ilianza katika maabara ya Ericsson nchini Uswidi miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu. Mtambo wa simu hauruhusiwi kuzimika. Simu moja ikiharibika isiangushe nyingine, na programu inatakiwa kubadilishwa huku watu wanaongea. Mashine yao ikajengwa kwa sharti hilo na si kwa kukokotoa haraka. Kazi inagawanywa katika michakato midogo mno, kila mmoja ukianza na eneo la kumbukumbu la chini ya kilobaiti 2. Hakuna mchakato unaoweza kugusa kumbukumbu ya mwenzake. Wanatumiana ujumbe tu. Kila mmoja unafagiliwa peke yake, kwa hiyo hakuna wakati ambapo mfumo mzima unasimama kusubiri ufagio. Na hakuna unaoruhusiwa kuhodhi prosesa: mashine inahesabu hatua zake, na baada ya takriban 4,000 inaupumzisha na kuupa mwingine zamu. Mwaka 2012 WhatsApp, waliojenga juu ya Erlang, walieleza kwamba wamefikisha miunganisho zaidi ya milioni 2 kwenye seva moja.

Tazama sasa ule ugomvi wa kwanza. Mchakato wa Erlang unaopaswa kuishi miaka unapokea ujumbe, unaushughulikia, kisha unajiita kwa hali mpya. Kitanzi kingine hakuna. Kwa hiyo BEAM isingeweza kuishi hata siku moja bila kutupa fremu kwenye wito wa mwisho. Kilichokuwa mwiba kwa Scheme kwenye JVM, hapa ni pumzi ya kawaida.

Ila mwiba upo mahali pengine. Data ya BEAM haibadiliki. Ukishaunda orodha, huwezi kuigeuza, unaunda nyingine. Virding alipoandika Luerl, yaani Lua ndani ya Erlang, alikabiliwa na lugha ambayo jedwali lake linabadilishwa kila mstari. Ikabidi hali yote ya programu ya Lua ihifadhiwe kama thamani moja kubwa ya Erlang inayopokezanwa hatua kwa hatua. Na kwa kuwa mashine haiwezi kujua ni jedwali gani la Lua halitumiki tena ndani ya thamani hiyo, Luerl ina ufagio wake, unaofanya kazi juu ya ufagio wa BEAM. Ni polepole kuliko Lua ya kawaida, lakini programu ya Lua ya mteja inaweza kukwama au kuharibika ndani ya mchakato wake bila jirani kujua. Kwa kazi fulani hilo lina thamani kuliko kasi.

Virding ndiye pia aliyeitoa LFE mwaka 2008, Lisp yenye mabano yote unayoyajua. Inafundisha kwa namna nyingine. Katika BEAM fanksheni haitambuliwi kwa jina tu, inatambuliwa kwa jina pamoja na idadi ya vigezo. Fanksheni `jumla` yenye vigezo viwili na `jumla` yenye vitatu ni watu wawili wasiojuana. Scheme inataka jina moja liwe kitu kimoja, iwe namba au fanksheni. Virding hakulazimisha. Akatenganisha majina ya fanksheni na majina ya vigeu, kama Common Lisp inavyofanya, na unapotaka kuita fanksheni iliyo ndani ya kigeu unaandika `funcall`. Wapenzi wa Scheme hukunja uso. Lakini msimbo wa LFE na wa Erlang unaitana bila mkalimani.

Elixir ya José Valim, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2014, imekuwa kubwa kiasi kwamba si haki kuiita isiyojulikana. Ya kuangalia ni Gleam, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwezi Machi 2024. Inataka kitu ambacho BEAM haikuundwa kwa ajili yake: kukagua aina zote kabla programu haijaenda. Ndani ya mchakato mmoja hilo linawezekana. Tatizo ni ujumbe. Katika BEAM mchakato wowote unaweza kumtumia mwingine chochote, na hakuna kompaila inayoweza kuapa kwamba kitakachofika ni namba. Jibu la Gleam ni kutotuma kwa anwani ya mchakato moja kwa moja, bali kupitia kitu kiitwacho `Subject`, chenye anwani hiyo pamoja na alama ya pekee na aina ya ujumbe unaoruhusiwa. Mpokeaji anachukua ujumbe wenye alama hiyo tu. Ndani ya Gleam mambo yanakwenda sawa. Ukitumia lile jambo maarufu la Erlang la kubadilisha msimbo bila kuzima, kinga inaishia hapo, kwa sababu toleo la jana na la leo hazikukaguliwa pamoja.

Iliyojengwa kwa ajili ya wote

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusijenge mashine isiyo na mwenyewe, iliyokusudiwa lugha zote tangu mwanzo? Walijaribu. Parrot ilianza mwaka 2001 kama mashine ya Perl 6, ikapanuliwa iwe makao ya lugha zote za namna ya Perl, Python na Ruby, na ikatoa toleo la 1.0 mwaka 2009. Hata Perl 6, ambayo sasa inaitwa Raku, iliihama na kwenda kwenye MoarVM, mashine ndogo zaidi iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Kutaka kumridhisha kila mgeni kabla hajafika kunamfanya fundi abuni mahitaji ambayo hakuna mtu anayo, na ayakose yale ambayo mtu wa kwanza atakuja nayo mkononi.

Microsoft walifanikiwa zaidi kwa kuwa walianza na lugha chache wanazozijua, na mashine yao tangu mwanzo ina alama ya wito wa mwisho ambayo F# inaitumia. Lakini hata huko lugha ndogo hazikudumu. Nemerle ya Chuo Kikuu cha Wrocław, Poland, ilikuwa na makro (msimbo unaoandika msimbo) zenye nguvu ambazo C# haina hadi leo, na ilibaki na wafuasi wachache. Boo ilipata bahati ya kuingia kwenye Unity, chombo cha kutengeneza michezo, kisha Unity ikaiacha na kubaki na C#.

WebAssembly, iliyoingia kwenye vivinjari vyote vikuu mwaka 2017, inapitia safari hiyohiyo. Iliundwa kwanza kwa C, C++ na Rust, lugha zinazotunza kumbukumbu zenyewe. Lugha zenye ufagio zililazimika kubeba ufagio wao ndani ya kila faili, hadi mwishoni mwa 2023 Chrome na Firefox zilipoanza kuzipa lugha hizo ufagio wa kivinjari chenyewe.

Kama unafikiria kuijengea kazi lugha ndogo ya namna hii, jambo la kuangalia kabla ya uzuri wa sintaksia ni kile kinachotoka upande wa pili wa kompaila. Kwenye JVM, chombo `javap` kinachokuja na JDK, kifurushi cha vifaa vya Java, kitakuonyesha baitikodi ya faili lolote kwa amri ya `javap -c`. Hesabu ni amri ngapi zimetoka kwenye mstari mmoja ulioandika, na ni ngapi kati yake zinaita maktaba ya lugha yenyewe. Kisha iharibu programu makusudi na usome ripoti ya hitilafu: je, inataja mstari wako, au majina ya ajabu yaliyobuniwa na kompaila?

Jibu hilo ndilo utakalobaki nalo siku lugha itakapoachwa. Mafaili ya Ceylon yaliyotafsiriwa zamani bado ni baitikodi halali, na JVM ina sifa ya kuendelea kusoma mafaili ya zamani, mradi uendelee kuibeba moduli ya `ceylon.language` ambayo hakuna anayeitunza tena. Gleam haitoi baitikodi moja kwa moja. Inatoa msimbo wa Erlang unaosomeka, uliopangwa vizuri, wenye majina uliyoyaandika wewe. Kompaila ya Gleam ikitoweka kesho, unaweza kulichukua folda hilo la Erlang, ukafuta msimbo wa Gleam, na kuendelea na kazi Jumatatu.